Oili Nyekundu

Robo tatu ya saa nzima Verlene Brekke alikuwa amelala chali chini ya pikapu mpya, tochi mkononi, na filta ya dizeli hajaiona.

Haikuwa kawaida yake hata kidogo. Katika nyumba ya akina Brekke, spana zilikuwa za Verlene tangu wiki ya harusi. Mumewe, Duane, alikuwa mtu wa mbegu na udongo. Angeweza kutafuna punje ya ngano akakwambia imebakiza siku ngapi kuvunwa, lakini ukimpa bisibisi atakuuliza inashikwa upande gani. Verlene alikulia kwenye gereji ya baba yake pale Harvik, mji mdogo wa North Dakota wenye kanisa moja, ghala la nafaka na baa mbili. Akiwa na miaka kumi na miwili alishajua kumwaga oili ya trekta bila kuchafua sketi. Sasa alikuwa na sitini na mitatu, na hakuna injini iliyopata kuingia katika uwanja wao ikamshinda.

Kila Oktoba, soya ikishavunwa na ardhi haijaanza kuganda, alibadilisha filta za dizeli kwenye kila mtambo wa shamba. Huko kwao hilo si jambo la kuahirisha. Maji hujikusanya kwenye filta, Januari yakaganda, na gari likakuzimikia barabarani upepo unavuma na nyumba ya karibu iko maili kumi.

Pikapu ya zamani, waliyokaa nayo miaka kumi na tisa, filta yake ilikaa juu ya injini kama kofia. Ulifungua boneti ukaiona, ukaitoa, ukaweka mpya, na kahawa yako bado ina moto. Hii mpya ilikuja Aprili, nyeupe, ndefu, na skrini ya dashibodi kubwa kama sinia. Muuzaji alifungua boneti mara moja tu, akaifunga upesi kama mtu anayeonyesha wageni choo. Sevisi ya kwanza wauzaji waliifanya wenyewe huko huko kwao, bure. Kwa hiyo leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Verlene na pikapu kukutana ana kwa ana.

Alikuwa ameanzia juu. Akatoa kava la plastiki, chini yake akakuta kava jingine. Akalitoa nalo, akakuta mabomba yanayopishana kama matumbo, nyaya, na vikopo vyenye vifuniko vya njano, wala hakuna hata kimoja kilichofanana na filta. Filta zenyewe alikuwa nazo mezani, mbili, kubwa na ndogo, ndani ya maboksi yake, na namba alizihakiki dukani mara mbili. Kitu kipo. Pa kukiweka ndipo hapaonekani.

Ndipo akaingia chini. Alitambaa kutoka bampa la mbele mpaka ekseli ya nyuma, akarudi, akatambaa tena. Akatoka, akasimama mlangoni mwa banda, akaitazama pikapu kutoka mbali, labda kwa mbali itaeleweka. Haikueleweka. Akarudi chini.

"Uko wapi wewe?" akaiuliza filta kwa sauti.

Mwishowe aliamua kuiacha kwanza, aanze na oili ya injini. Hiyo angalau ni kazi ambayo mikono yake iliijua hata kichwa kikiwa kwingine. Akafungua kinga ya plastiki iliyofunika tumbo la gari, akaona nati mahali ambapo nati hukaa, akasogeza beseni, akatia spana, akazungusha.

Oili ikamwagika, na ilikuwa nyekundu.

Oili ya injini ya dizeli iliyotembea msimu mzima ni nyeusi kama lami. Hii ilikuwa nyekundu kama maji ya zabibu. Verlene alitia kidole, akainusa, akaendelea kuitazama ikishuka, safi, laini, haina haraka. Alijua ni nini. Ni oili ya gia boksi. Alijua pia kinachotakiwa kufanywa, nacho ni kurudisha nati upesi. Lakini mkono haukwenda. Alikaa pale akiitazama, na beseni lilikuwa limefika nusu ndipo mkono ulipokumbuka kazi yake.

Kukosea nati ni kukosea tu. Ule mkono uliochelewa ndio uliomtia hofu.

Alijiburuta nje, akaketi sakafuni, akaegemea tairi. Alimkumbuka mama yake, Alvina, aliyeoka mikate ya kanisa miaka thelathini, kisha asubuhi moja, akiwa na miaka sitini na miwili, akasimama mbele ya jiko lake mwenyewe akauliza kitufe cha moto ni kipi. Walicheka siku ile. Mama naye alicheka. Miaka mitatu baadaye hakumjua Verlene ni nani, akawa anamwita "yule bibi mwenye mikono michafu."

Verlene aliitazama mikono yake. Akainuka, akalibeba beseni kwa uangalifu, akalificha nyuma ya mtambo wa kunyunyizia dawa.

Hakuchukua dakika tano, mlango mdogo wa banda ukafunguka. Ni Duane, na vikombe viwili vya kahawa.

"Fundi, mapumziko," alisema. Kisha akasimama ghafla. "Vee! Umejikata!"

"Wapi?"

"Mkono huo! Damu mpaka kwenye kiwiko!"

Verlene aliutazama mkono wa shati. "Si damu. Ni oili."

"Oili nyekundu?"

"Siku hizi wanatia rangi," alisema Verlene, na uongo ule ukamchoma wakati ule ule unatoka mdomoni.

Duane aliuamini. Angeamini hata angeambiwa siku hizi wanatia sukari. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanywa kahawa yake, akauliza kama kazi inakaribia kwisha, maana mchana kulikuwa na viazi na nyama kwenye oveni. Verlene akajibu inakaribia.

Hapo hapo wakasikia gari likiingia uwanjani. Alikuwa Gaylen Hofer, jirani wa upande wa kaskazini, mtu wa maneno mengi na tumbo la kuyabebea. Wiki iliyopita Duane aliazima kwake mashine ya kuchimbia mashimo ya nguzo, na sasa Gaylen alikuja kuichukua.

"Ohoo, daktari yuko chumba cha upasuaji!" Gaylen alisema alipoyaona makava yametandazwa sakafuni. "Mgonjwa atapona?"

"Wewe si unayo kama hii?" Verlene akamuuliza, akijitahidi sauti iwe ya kawaida. "Filta yako ya dizeli iko wapi?"

"Yangu? Yangu iko kwa fundi, mama. Nampelekea gari, nakaa pale nakula donati zao, ananirudishia funguo."

"Hujawahi kuangalia?"

"Kuangalia nini sasa? Lakini ngoja, ngoja." Gaylen alipandisha suruali, akainama juu ya injini kwa uhakika wa mtu aliyeiunda. Akazungusha kichwa huku na huku, akanyoosha kidole. "Ndiyo hii."

"Hilo ni tangi la maji ya kuoshea kioo, Gaylen."

"Basi ni hii."

"Hiyo ni betri."

"Kwani betri ziko ngapi humu?"

"Mbili."

"Duh," alisema Gaylen, akajinyoosha. "Niambie hiyo mashine iko wapi niende zangu, kabla sijakuharibia."

Duane akamwelekeza: nyuma ya mtambo wa dawa. Verlene alifungua mdomo amzuie, lakini Gaylen alishafika. Wakasikia mguu wa Gaylen ukigonga kitu, kisha sauti yake:

"Nani kamwaga gia boksi?"

Gaylen akatokeza kichwa. Hakuwa anatania.

"Hii oili ya huku. Ni ya gia boksi hii. Nani..."

"Mimi," alisema Verlene.

Katika miaka yote ya ujirani, Gaylen Hofer hakuwahi kukosa la kumjibu mtu. Sasa alimtazama Verlene, akamtazama Duane, akaitazama mashine aliyoijia. Akasema hata yeye mjomba wake aliwahi, hapana, si mjomba, ni yule binamu, na kwamba ni magari ya siku hizi tu, shemeji, usijali. Akabeba mashine yake peke yake, nzito vile, asingoje kusaidiwa, akaondoka. Upole wake ulimuuma Verlene kuliko kama angecheka.

Duane alikuwa bado juu ya ndoo, kikombe mkononi, anajaribu kuelewa.

"Kwani si ni oili?" aliuliza. "Ulisema wanatia rangi."

"Nilikudanganya. Nimefungua nati siyo."

"Basi funga, fungua nyingine."

"Duane." Verlene alivuta kiti cha zamani cha trekta, akaketi mbele yake, magoti kwa magoti. "Mimi nimemwaga oili tangu sijavunja ungo. Najua nati. Na filta nimeitafuta asubuhi nzima, siioni. Nimetazama kila mahali. Nahisi labda naitazama, ila siioni. Mama alianza hivi hivi."

Duane aliweka kikombe chini. "Mama yako hakuwa na pikapu hii."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha."

"Basi niambie kweli. Umeona chochote? Kwangu. Mwaka huu."

Alitaka Duane aseme hapana. Alitaka aseme upesi. Lakini Duane alikuwa mtu asiyejua kuharakisha neno, na sekunde zilivyopita Verlene akaanza kuzihesabu.

"Agosti," alisema Duane taratibu. "Uliniuliza harusi ya mpwa wangu Kaia ni lini. Nikakwambia. Tulipokuwa tunaosha vyombo ukaniuliza tena. Asubuhi ile ile."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani hukusikia mara ya kwanza. Maji yalikuwa yanamwagika."

"Ulidhani, au ulitaka kudhani?"

"Sijui, Vee. Vyote."

Verlene alikasirika. Hakujua anamkasirikia nani. Duane kwa kunyamaza, au kwa kusema. Alijaribu kuikumbuka asubuhi ile ya Agosti. Alikumbuka sinki, alikumbuka nzi, alikumbuka hata taulo la vyombo lenye jogoo. Kuuliza hakukukumbuka, si mara ya kwanza wala ya pili. Na hilo lilithibitisha nini? Nani hukumbuka kila alichouliza akiosha vyombo?

"Kuna kitabu?" aliuliza Duane.

"Kitabu gani?"

"Cha gari. Si huwa kuna kitabu?"

Maisha yake yote Verlene hakuwahi kufungua kitabu cha gari. Baba yake alisema ni vya watu wasio na macho. Akainua mabega. Duane akaingia ndani ya pikapu, akapekua, akarudi na kitabu kinene kuliko cha nyimbo za kanisani. Akavaa miwani, akalowesha kidole, akaanza kusoma kwa sauti ya kusomea Injili.

"'Filta ya mafuta. Filta hii imo ndani ya tangi. Haihitaji kubadilishwa na mmiliki katika maisha yote ya gari.'"

Verlene aliinuka. "Ndani ya tangi? Haiwezekani. Nimezinunua filta, hizo hapo mezani! Sasa zinakwenda wapi?"

"Ndivyo kinavyosema. 'Wasiliana na wakala wako.'"

"Soma tena."

Akasoma tena. Verlene akachukua boksi la filta kubwa, akasoma namba, akalirudisha, akalichukua tena. Labda dukani alikosea. Labda alitaja gari la zamani. Alikuwa na hakika alitaja la sasa, lakini hakika ya leo ilikuwa na thamani gani? Alihisi machozi ya ghadhabu yakija, akayafuta kwa mkono, akajipaka oili nyekundu shavuni.

"'Tumia petroli safi isiyo na...'" Duane aliendelea kusoma.

"Umesema nini?"

"Petroli safi."

"Petroli?"

"Imeandikwa petroli."

"Duane! Hii ni dizeli! Hicho ni cha magari ya petroli!"

Duane alikigeuza kitabu, akalitazama jalada, akaligeuza tena. "Kina picha ya gari letu."

"Wametumia mwili mmoja, injini mbili tofauti! Hapakuwa na kingine?"

Kingine kilikuwepo, chembamba, bado kimo ndani ya mfuko wake wa nailoni, chini ya tishu na kadi ya bima. Duane aliuchana mfuko kwa meno. Safari hii Verlene alisimama nyuma yake, asome naye.

"'Filta kuu ya dizeli,'" alisoma Duane. "'Geuza usukani wote kushoto. Ondoa vibanio vinne vya mlango wa huduma ulio ndani ya madgadi ya mbele, kulia.'"

"Mlango gani?"

"Unaniuliza mimi?"

Verlene aliwasha gari, akageuza usukani mpaka ukakataa. Tairi la kulia likageuka, likafungua nafasi ambayo asubuhi nzima ilikuwa imezibwa na tairi hilo hilo. Wakapiga magoti wote wawili, Duane akimulika. Kwenye plastiki nyeusi, chini ya matope makavu, palikuwa na mstatili mdogo kama mlango wa nyumba ya sungura. Verlene aling'oa vibanio vinne kwa bisibisi. Mlango ukaanguka. Nyuma yake, nyeupe, safi, imekaa kwa raha zake, ilikuwepo filta.

"Ndiyo hiyo?" Duane aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Waliiweka huko kwa nini?"

Verlene alitaka kucheka na hakuweza. Alikichukua kile kitabu chembamba, akatafuta mwenyewe ukurasa wa oili. Kulikuwa na picha ya tumbo la gari, nati mbili zimeonyeshwa kwa mishale, na kando yake pembetatu ya onyo: nati ya nyuma ni ya gia boksi, usiifungue. Aliisoma mara tatu. Mtu haandiki onyo kama hakuna aliyewahi kukosea. Alitulia kidogo. Kisha akakumbuka kwamba onyo halikusema lolote kuhusu mkono unaochelewa kufunga.

Mchana ule Duane alikwenda mjini na lori la nafaka, gari pekee lililobaki lenye kutembea, kununua oili nyekundu ya aina iliyoandikwa kitabuni. Alirudi amenunua sahihi, na Verlene akampongeza kama mtoto. Kile kilichomwagika walikipima kwa jagi, wakapata majagi matano na robo, na Verlene akarudisha kiasi kile kile kipya. Akaliacha gari lipate moto, akapima, akaongeza kijiko, akapima tena. Akabadilisha filta zote mbili, ile ndogo nayo pale kitabu kilipoelekeza. Akamwaga oili ya injini kutoka kwenye nati yake, nyeusi kama inavyotakiwa. Mikono ilifanya kila kitu kwa mpangilio, wala haikusita popote. Alikuwa anaipeleleza wakati wote, kama mtu anayemwangalia mfanyakazi asiyemwamini.

Viazi na nyama viliungua. Walikula vile vile.

"Nataka kwenda kliniki," alisema Verlene, akikwangua masizi pembeni ya bakuli.

"Nami nilitaka kukwambia hivyo. Niliogopa utanipiga na spana."

"Ningekupiga."

Walikwenda Alhamisi iliyofuata, kwenye kliniki ya mji wa Jamestown, Verlene akiendesha. Gia zilibadilika laini kama siagi. Muuguzi, mwanamke mwenye sauti ya upole na soksi zenye picha za maboga, alimwambia achore saa, ahesabu kwa kurudi nyuma akipunguza saba saba, kisha akamtajia maneno matano ayakumbuke: tufaha, daraja, shati, ngano, kengele. Wakazungumza mengine kwa muda, hali ya hewa, wajukuu wa muuguzi. Kisha akamuuliza maneno.

"Tufaha," alisema Verlene. "Daraja. Ngano. Kengele." Kulikuwa na shimo pale, la ukubwa wa neno, na alivyolitazama ndivyo lilivyozidi kuwa tupu. "La tano silioni."

"Si neno," alisema muuguzi. "Si neno kabisa."

Daktari naye alisema vivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi. Saa ilichorwa vizuri, hesabu ni nzuri kuliko ya watu wengi wa nusu ya umri wake, neno moja kupotea ni la kawaida. Historia ya mama isipuuzwe, lakini isichukuliwe kuwa hukumu. Hakuna cha kumfanya aseme ni ugonjwa ule wa mama, alisema, na kwa leo hawezi kuapa kwamba sio. Arudi baada ya mwaka.

"Kwa hiyo ni nini?" aliuliza Verlene.

"Kwa hiyo tunangoja na kutazama," alisema daktari.

Walirudi kwenye pikapu wakakaa ndani bila kuiwasha. Upepo ulikuwa unasukuma toroli tupu katika uwanja wa maegesho. Verlene alishika usukani kwa mikono miwili. Alikuja kutafuta jibu, na sasa hakujua kama alichopewa ni habari njema au ni mwaka mzima wa kujipeleleza kila anapotafuta miwani.

"Nami nilijaribu," alisema Duane.

"Ulijaribu nini?"

"Yale maneno. Nilikuwa nimekaa pale pembeni. Nikasema na mimi niyashike."

"Ukapata mangapi?"

Duane alihesabu kwa vidole. "Tufaha. Ngano. Trekta."

"Trekta haikuwemo."

"Ilikuwemo, baada ya ngano."

"Duane, haikuwemo! Baada ya ngano ilikuja kengele."

"Kengele? Kengele ya nini?"

Verlene alimgeukia, akamwona anamaanisha, uso umekunjamana kwa kutafuta, na kicheko kikampanda kutoka tumboni, kile alichokitaka bandani kikagoma. Alicheka mpaka akalaza paji la uso kwenye usukani, honi ikalia, na mzee mmoja aliyekuwa akishuka kwenye gari lake akawainulia mkono akidhani wanamsalimu.

"Mungu wangu," alisema Verlene, akipangusa macho. "Na wewe ndiwe utakayenikumbusha?"

"Tutakumbushana," alisema Duane, ameudhika kidogo. "Lakini trekta ilikuwemo. Rudi ndani umuulize."

"Sirudi."

"Basi mimi ndiye naenda."

Akafungua mlango, akashuka kweli, akavuka uwanja kofia mkononi, na Verlene akabaki anamtazama kupitia kioo, asijue kama amwite au amwache aende.